Nimetengeneza DVD yangu mwenyewe ya kuinstoli Linux kwa ajili ya shule kisiwani, njooni mjifunze (na mnicheke)

#1 FundiWaMabatini

Wakuu poleni na joto. Niliahidi nikirudi kisiwani nitaandika, basi nimerudi, mgongo umekufa ganzi kwa kuinama chini ya meza za maabara ila ahadi ni deni.

Ilivyokuwa ni hivi. Kuna mwalimu mmoja tulisoma wote, sahivi yuko sekondari moja huko Ukerewe, akanipigia kwamba shule imepata kompyuta 14 za mtumba, zote Core 2 Duo, ramu giga 2, hadi diski 160, zimekuja zimefutwa hamna kitu ndani. Hela yenyewe ukitoa nauli ya meli na pa kulala inabaki ya soda, nikasema potelea mbali, angalau nitakula sato. Nikashusha Linux Mint 22 (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows) ya Xfce (muonekano mwepesi, na msaada wake unafika 2029), nikabani DVD mbili, nikapanda meli ya Nansio kifua mbele, najua hii kazi ya siku moja.

Kuinstoli kulikubali vizuri tu. Shida ilianza baada ya hapo. Mimi miaka yote nimezoea nikimaliza kuinstoli nafungua terminali napiga sudo apt install hiki na hiki na kile (amri ya kushusha programu mtandaoni na kuziinstoli), chai haijapoa kila kitu kimeshaingia. Pale intaneti hamna. Simu yangu ilikuwa inashika mtandao ukipanda juu ya jiwe nyuma ya choo cha walimu, na hata ungeshika, bando gani la kulisha mashine 14? Kwa hiyo shule ikawa na kompyuta 14 zinawaka vizuri, zina LibreOffice, basi. Mwalimu wa kemia kaja na matumaini yake kaondoka nayo. Halafu mkuu wa shule akaleta printa yake ndogo ya leza, mtihani wa kidato cha pili unatakiwa asubuhi, nikachomeka, ikaonekana, nikatuma kazi, kimya. Kumbe inataka kwanza ishushe kitu mtandaoni, kitu chenyewe hata video za WhatsApp mnazotumiana ni kubwa kuliko hicho. Mtihani uliandikwa ubaoni. Kosa ni langu, sikuuliza kuna printa gani. Kesho yake nilirudi Mwanza nimekaa pembeni ya magunia ya dagaa sitaki kuongea na mtu.

Sasa ndo nikakaa chini kufanya nilichotakiwa kufanya mwanzo.

Ukifungua iso ya Mint (faili moja lililobeba DVD nzima) utakuta folda inaitwa casper, ndani yake kuna faili moja kubwa, filesystem.squashfs. Hilo ndo mfumo wote, umeshindiliwa kama dagaa kwenye gunia. Ukibuti DVD mfumo unaendeshwa kutoka humo humo, na ukibonyeza kuinstoli kinachofanyika ni gunia kumwagwa kwenye hadi diski. Ukielewa hapo umeelewa uzi mzima: ukilifungua hilo gunia, ukaongeza vitu vyako, ukalishona tena, kila mashine utakayoinstoli inazaliwa navyo, bila apt bila bando.

Zamani watu walikuwa wanafanya kwa mkono, kwa amri za unsquashfs, chroot, mksquashfs, xorriso, ukikosea herufi moja iso haibuti. Sasa hivi kuna programu inaitwa Cubic inafanya yote kwa madirisha. Kuipata:

sudo apt-add-repository ppa:cubic-wizard/release
sudo apt update
sudo apt install --no-install-recommends cubic

Unaipa folda ya kufanyia kazi (achia nafasi hata giga 30, usiwe bahili), unaionyesha iso yako, inafungua gunia halafu inakupa terminali. Hiyo terminali sio ya laptop yako, uko NDANI ya mfumo wa kwenye DVD. Ukipiga apt install pale kitu kinaingia kwenye iso. Mimi niliweka GeoGebra, Kalzium ya jedwali la elementi, Stellarium, Klavaro ya kujifunza kuchapa, VLC, Kiwix ya kusomea Wikipedia bila intaneti, zram-config ya kubana vitu ndani ya ramu kwa sababu ramu ni giga 2, na hunspell-sw ambayo nitaieleza au mwalimu mwenyewe akija humu ataieleza.

Hapa ndo muwe makini. Kuna paketi ni matarishi tu, zenyewe ndani tupu. firmware-b43-installer ya wifi za Broadcom, na ttf-mscorefonts-installer ya fonti kina Times New Roman, ukiziinstoli ndo zinakimbia mtandaoni kuchukua mzigo wenyewe. Kwa hiyo yule mjanja anayekopi madebu (mafaili ya .deb ya programu) kwenye flashi ili akainstoli kisiwani atafika atakuta tarishi anauliza barabara iko wapi. Ukiziinstoli ndani ya Cubic ukiwa mjini na mtandao, mzigo unabaki ndani ya gunia moja kwa moja. (Ya fonti itakuletea ukurasa wa masharti, bonyeza Tab ufike kwenye OK halafu Enter, kuna jamaa nilimkuta amekaa hapo nusu saa anabonyeza panya.)

Muonekano na mipangilio, unaweka kwenye /etc/skel, kila yuza mpya anakopiwa kutoka hapo. Nikazima na kile kialamu cha masasisho maana kitawasumbua bure kila siku.

Mwisho Cubic inakuuliza ushindilie kwa namna gani. Mimi mara ya kwanza nikaacha gzip, iso ikatoka giga 4.9, haiingii DVD. Na kumbuka ile 4.7 ya kwenye kasha ni baiti bilioni 4.7, kompyuta ikihesabu kwa hesabu zake ni 4.37 tu. Nikatoa baadhi ya lugha ambazo hakuna Mkerewe anazihitaji, nikarudia kwa xz, ikashuka mpaka 4.1. Ilichukua muda mrefu na umeme ukakatika mara moja katikati, ila laptop ilikuwa na chaji.

Nikabani kwa spidi ya 4, nikarudi. Mashine 14 siku moja na nusu. Printa imeprinti. Maswali karibuni.

#2 sangara_mfu

Aisee umeniua na tarishi 😂😂 mimi ndo huyo mjanja wa madebu kwenye flashi

#3 PigaWindo255

Mkuu heshima kwako ila mateso yote haya ya nini, si ungepiga Windows 10 yako wakaendelea na maisha, watoto wakimaliza shule huko maofisini wanakutana na Windows sio hiyo mint ya kutafuna

#4 FundiWaMabatini

PigaWindo255 alisema: "si ungepiga Windows 10 yako"

Kaka Windows 10 Microsoft waliisitisha msaada tarehe 14 Oktoba 2025, niwapelekee watoto kitu kilichoshazikwa? Na Windows 11 kwenye Core 2 Duo usiniambie habari za kuruka TPM (chipu ya usalama inayoidai), najua hizo njia, ila kuanzia 24H2 inahitaji prosesa inayojua maelekezo ya POPCNT na SSE 4.2 na Core 2 Duo haina POPCNT, haibuti hata uisomee dua. Tena leseni 14 analipa nani? Au unataka nipige zile za kukraki kwenye shule ya serikali halafu mkaguzi aje anikute?

#5 PigaWindo255

Haya ya leseni nimekubali sibishani. Ila wasije wakadhani Windows haiwezi kutengenezewa diski ya kwako, inaweza na mimi ndo kazi yangu, nina ofisi tatu hapa mjini nazihudumia hivyo.

Kwa anayetaka: install.wim ndo gunia la Windows, liko kwenye folda ya sources. Unalimaunti (unalifungua lionekane kama folda) kwa DISM, amri ya Windows yenyewe, kitu kama

dism /Mount-Image /ImageFile:C:\win\sources\install.wim /Index:1 /MountDir:C:\mount

unaingiza madraiva yako yote kwa /Add-Driver na /Recurse, halafu /Unmount-Image na /Commit. USISAHAU /Commit, ukisahau umefanya kazi bure mimi yamenikuta saa nane usiku. Ukishushia kwa Media Creation Tool utakuta install.esd badala ya wim, hiyo haimauntiki kwa kuandika, iexporti kwanza iwe wim. Kuirudisha kuwa iso unatumia oscdimg inakuja na ADK, vifaa vya mafundi vya Microsoft. Na ukitaka isiulize maswali, faili la autounattend.xml unaliweka mwanzo kabisa wa diski au flashi, unaacha inajiinstoli unaenda kula.

Shida moja, flashi ya FAT32 haibebi faili linalofika giga 4 na wim siku hizi inapita hapo, kwa hiyo unaikata vipande kwa dism /Split-Image na FileSize 3800, Windows yenyewe inavijua vile vipande vya swm inaviunga.

#6 mzee_wa_sidii

Vijana mnanikumbusha mbali. Sisi tulianza na nLite, programu ya kutengeneza sidii yako ya Windows, enzi za Windows XP. Laptop zikaanza kuja na SATA, ukiweka sidii ya XP inapakia pakia halafu skrini ya bluu 0x0000007B, haioni hadi diski. Njia rasmi ilikuwa ubonyeze F6 uweke draiva kwa floppy. Laptop yenyewe haina pa kuweka floppy! Sasa uniambie. Ndo nLite ikatuokoa, unachanganya draiva ya SATA na SP3 (kifurushi cha masasisho ya XP) humo humo unabani sidii ya MB 700 unatembea nayo kwenye bahasha. Nilikuwa na moja nimeiandika kwa kalamu "XP YA MZEE", imezunguka kafe zote kuanzia Makoroboi mpaka Igoma, ikaja kunirudia mikononi baada ya miaka miwili kwa mteja aliyeniambia ni orijino kutoka Nairobi.

Na nyie mnaogawa, angalizo. Kuna diski moja nilipewa na fundi fulani, naiinstoli kwa mteja, nafungua brauza nakuta akaunti ya huyo fundi iko wazi, meseji zake na mchumba zote zipo. Alikopi profaili yake nzima kwenye diski. Mkitumia hiyo skel sijui ya kwenu, safisheni kwanza.

#7 FundiWaMabatini

Mzee shikamoo. Hiyo ya mwisho ni ya muhimu kuliko uzi wangu wote. Ndio wakuu, msikopi folda nzima ya .config ya kwenu kwenda /etc/skel, chukueni ya xfce4 peke yake. Ya brauza acheni. Na nywila za wifi ya nyumbani zinakaa /etc/netplan (Mint za zamani /etc/NetworkManager/system-connections), hizo nazo msizikopi.

#8 KijanaWaIgoma

habari wakuu mimi ni mgeni kidogo kwenye haya mambo naomba msinicheke, je hyo cubic naweza kutumia kwenye laptop yangu yenye windows? alafu nina mashine ya zamani sana ya baba ni pentium 4 nayo itakubali hyo DVD? alafu swali la tatu kwanini usitumie flashi tu na Ventoy mbona rahisi unatupia iso tu inabuti

#9 FundiWaMabatini

KijanaWaIgoma karibu, hakuna wa kukucheka, mimi mwenyewe nimewaambia mnicheke kwanza.

Cubic inakaa kwenye Linux tu. Ila unaweza kuweka VirtualBox (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) kwenye Windows yako, ndani yake Mint, ndani ya Mint Cubic. Itakuwa taratibu kama daladala ya Buswelu saa kumi na mbili jioni lakini itafika. Diski ya hiyo VirtualBox ipe giga 60 mapema, ukiipa 20 itakufia katikati inashindilia na hutajua kwanini.

Pentium 4 inategemea, nyingi ni biti 32 na Mint ya kawaida iliachana na biti 32 toka 20 huko mwaka 2020. Kwa hiyo mzee wa nyumbani atafutie Debian 12, ndo ya mwisho ambayo bado ilikuwa na diski ya kuinstoli ya biti 32, 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena.

Ventoy naipenda na mfukoni ninayo. Ila zile mashine biosi zake za zamani, nyingine flashi zinaiona siku inayotaka, nyingine kubuti kwa USB haimo kabisa kwenye menyu. DVD zote zinaiona. Ingawa na DVD nazo, draivu tatu zilikuwa zimekufa, jicho limejaa vumbi, nikatumia moja ninayotembea nayo ya nje kwa zile zinazokubali USB. Iliyobaki nikahamisha draivu kutoka mashine ya jirani, nikamaliza nikairudisha kwao.

#10 MamaKomandi

Kaka Fundi kazi nzuri, naomba niongeze mawili mimi nimefanya hizi kazi vituo vya afya.

Kwanza xz. Inapunguza kweli lakini kufungua kwake ni kazi nzito kwa prosesa, Core 2 Duo ikibuti DVD iliyoshindiliwa kwa xz itachukua muda mpaka mtu adhani imekufa azime. Kwenye DVD hakuna namna maana nafasi ndogo. Ukitumia flashi afadhali zstd, iso inakuwa kubwa kidogo ila inafunguka haraka.

Pili printa, kwa faida ya wengine. Printa nyingi ndogo za leza za HP, kina LaserJet P1102 na 1020, HPLIP (programu ya printa za HP kwenye Linux) peke yake haitoshi, zinahitaji na plagini yake ambayo hp-plugin huwa inaishusha mtandaoni. Shusha faili lake la .run mapema, na namba ya toleo ifanane na HPLIP iliyoko ndani ya iso yako mpaka tarakimu ya mwisho, ikipishana inakataa. Naona kaka ndo kilichompata.

#11 FundiWaMabatini

Dada ndo hicho hicho, umenifichulia mpaka modeli 😅 Mimi hilo la .run nililiweka /opt nikaliendesha humo humo kwenye Cubic, na nikaliacha palepale just in kesi mkuu akibadilisha printa ya jamii hiyo hiyo.

Na la xz kweli. Niliwaandikia kwenye karatasi nikaibandika mlangoni, SUBIRI USIZIME.

#12 Mwl_Visiwani

Jamani mimi ndiye mwalimu mwenyewe, nimepanda kwenye lile jiwe ndo naandika kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Mashine zinafanya kazi zote ila moja pawa saplai imekufa. Watoto wanapenda Stellarium kuliko kitu chochote, wanatafuta nyota waliyoizoea kule ziwani baba zao wanavyovua dagaa. Ila walimu sisi kilichotufurahisha ni ile hunspell-sw. Zamani ukiandika barua kwa Kiswahili ukurasa mzima unakuwa mistari myekundu kama amechinjwa kuku juu yake, sasa ukichagua lugha Kiswahili Tanzania kule chini kwenye LibreOffice mistari inapotea inabaki pale ulipokosea kweli. Mwalimu wetu wa Kiswahili amekosolewa mara mbili na kompyuta, mara ya kwanza akabisha, mara ya pili akanyamaza.

Kaka lile faili la Wikipedia mbona silioni kwenye mashine tuliyoirudia kuinstoli wiki iliyopita? Kiwix inafunguka lakini tupu.

#13 FundiWaMabatini

Mwalimu wabeja kwa taarifa. Hilo faili la zim halimo kwenye DVD, lilikuwa linakula nafasi na lenyewe limeshashindiliwa tayari, ukiliweka kwenye squashfs halipungui hata kidogo. Liko kwenye ile flashi nyeusi niliyomwachia mkuu wa shule, likopi kwenye folda ya Documents halafu Kiwix uionyeshe hapo. Ningeandika kwenye ile karatasi ya mlangoni, nimesahau.

#14 mzee_wa_sidii

Hayo mambo ya Kiswahili kwenye kompyuta msidhani yameanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwemo, walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili. Nilikuwa nayo. Watu wakaja kafe wakaona "Faili, Hariri, Mwonekano" wakasema mzee turudishie Kiingereza. Nikawarudishia.

#15 sangara_mfu

swali la mwisho mkuu kabla sijachoma bando, unajuaje iso yako imekamilika kabla hujapanda meli? maana mimi nikivuka Sengerema kule ndani ndani hamna kurudi

#16 FundiWaMabatini

Swali zuri, nilitakiwa kuliweka juu.

Iso ya mwanzo unayoshusha, ipime na sha256sum (amri inayotoa namba ya utambulisho wa faili) ulinganishe na ile ya kwenye tovuti yao, bando letu hili linakatika katikati halafu faili linaonekana limekamilika kumbe limeliwa mkia. Ukimaliza kutengeneza, Cubic ina kitufe cha kujaribu, inaibuti ndani ya QEMU, nayo ni kompyuta ya kuigiza, bila kubani. Lakini jaribio la kweli ni hili: chukua mashine yoyote mbovu, instoli kwa DVD yako, na ZIMA WIFI, chomoa na waya. Usijaribu ukiwa na mtandao maana utadanganywa, kitu kitakwenda kuchukua kilichopungukiwa kimya kimya wewe unashangilia. Mimi nilijaribia nyumbani kwa mara ya kwanza wifi ikiwa imewashwa, plagini ya printa ikajishusha yenyewe, nikasema safi. Nikazima wifi nikarudia kutoka mwanzo ndo nikaona nililiweka faili /opt na sikuliendesha.

Printi kurasa, fungua kila programu moja moja, weka flashi ya mtu yenye virusi vya Windows uone, washa zima washa. Halafu bani DVD tatu sio moja, na menyu ya kubuti ina sehemu ya kukagua kama diski imesomeka yote, ipitishe hapo kila moja. Mbili kati ya tano zangu hazikupita, mke wangu anawekea vikombe.

#17 KijanaWaIgoma

asante sana kaka nimeshaanza kushusha mint, inasema masaa 6. je naweza kupata kopi ya iso yako ya shule nianzie hapo badala ya kuanza zero?

#18 FundiWaMabatini

Unaweza. Jumamosi niko Mlango Mmoja kwa rafiki yangu anayeuza vifaa mpaka saa tisa hivi, njoo na flashi ya giga 8 tupu, na isiwe FAT32, umeona PigaWindo alivyosema hapo juu, iso yangu ni 4.1 haitakubali kuingia. Ukija na Pentium 4 ya baba nayo ibebe, tuifungue tuone.